Mjomba Hakuniomba Spika

Jumapili ile mjomba alipokuja kusikiliza santuri, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nililitunga kanisani wakati wa mahubiri na kulikariri njiani nikirudi nyumbani. Akisema "nipe hizi spika", ningemwambia kwamba spika hizi na ile amplifaya ni kitu kimoja, ukizitenganisha zote zinakufa. Si kweli, lakini ni jibu ambalo mtu mwenye diploma ya umeme anaweza kulitoa bila kupepesa macho. Akiomba amplifaya, ningesema inataka umeme ambao haujafika kijijini kwake Lopur. Akiomba ile mashine ya zamani, ya sanduku, hiyo ningempa. Nilikuwa nimeipangusa vumbi na kuiweka karibu na mlango makusudi, ili aione kwanza.

Msomaji ambaye hakukulia Turkana huenda akadhani mjomba ni maskini. Mjomba ana mbuzi na ngamia wa kumfanya chifu amsalimie kwanza. Kwetu kuomba si njaa. Mtu anakuomba kwa sababu wewe ni wake. Anatazama shati lako, anasema nipe, nawe unampa, au unakataa kwa kelele, au unamwomba kitu kikubwa zaidi mpaka wote wawili mnacheka. Mjomba amewahi kumwomba polisi tumbaku kwenye kizuizi cha barabarani huku polisi mwenyewe akimpekua. Amemwomba padri miwani, akapewa, akairudisha baada ya wiki kwa sababu ilimfanya aone mbuzi wake wakiwa wadogo.

Mimi nilikuwa nimetoka katika mambo hayo, na nilijivunia kutoka. Nilizaliwa kwenye kibanda cha makuti ya mkoma kando ya mto Turkwel. Nilisoma kwa kuuza makaa, nikapata diploma yangu Eldoret, nikaenda nchi za Ghuba kufunga nyaya na vipaza sauti katika majengo marefu, na nikarudi na akiba yangu mwenyewe bila kuinamia mtu. Nyumba yangu ya Lodwar ni ya mawe. Ina tangi juu, ina sola, na hakuna waya ndani yake ambao sikuuvuta kwa mkono wangu.

Na ndugu zangu sikuwasahau. Tangu nikiwa Ghuba niliweka utaratibu: kila mwisho wa mwezi simu ya mjomba inalia, ya dada yangu inalia, ya shangazi wa Katilu inalia, pesa imeingia kabla mtu hajafungua mdomo. Wenzangu waliorudi walikuwa wakilalamika hotelini kwamba ndugu wanawamaliza. Mmoja aliombwa godoro akiwa bado amelilalia. Mimi niliwacheka. "Mimi siombwi," niliwaambia. "Mimi natoa kabla." Nilisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya kuifikia meza ya pili.

Santuri nilizianza Ghuba. Mashine yangu ya kwanza niliinunua katika duka la vitu vya bei rahisi karibu na kambi yetu ya wafanyakazi. Ilikuwa sanduku dogo la samawati lenye mpini. Unafungua kifuniko, sahani inazunguka, sauti inatoka kwenye vitundu vya mbele, nyembamba kama ya mtu anayeimba ndani ya kopo. Katika chumba chetu kidogo cha vitanda vya ghorofa ilitosha, na wenzangu waliipenda. Lodwar haikutosha. Katika sebule yangu ya dari ya juu ilisikika kama simu ya jirani. Tena sindano yake ilikuwa nzito, ikilima santuri badala ya kuzisoma.

Basi nikaanza kuipandisha hadhi, kipande kimoja baada ya kingine. Kwanza nilitafuta mashine yenyewe. Niliipata Nairobi kwa muuzaji wa mitumba, nzito, yenye mkono wa chuma unaosawazishwa kwa kijiuzani nyuma ili sindano iiguse santuri kwa wepesi. Kisha amplifaya ya zamani, ambayo niliifungua yote na kubadilisha vilivyochoka. Kisha nikamwaga zege, bamba pana juu ya miguu ya matofali, ili mtu akitembea sebuleni sindano isiruke. Bamba hilo nililipima kwa pimamaji pande zote, maana sahani ikiinama kidogo tu muziki nao unalegea. Nikashona kifuniko cha turubai kwa sababu ya upepo wetu, ambao huleta mchanga mpaka kwenye sukari.

Zikabaki spika. Hizo nilizifuata Kakuma.

Aliyekuwa akiziuza ni kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la wakimbizi wa Kongo, mwanamume mnene, mcheshi. Kanisa lao lilikuwa limepata nyingine mpya. Kwa kuwa Lopur ni karibu, nilimpitia mjomba ili aone jinsi mpwa wake anavyonunua vitu.

"Papa, karibu!" Mkongo aliniambia, akaligonga sanduku la spika kwa vidole. "Hizi njo zilikuwa zinaimbisha kanisa yote. Sikia mbao hiyo." Kisha akamwona mjomba nyuma yangu, akapiga makofi. "Ah! Mwizi ya kofia yangu!"

Kweli mjomba alikuwa amevaa kofia nyeusi ya mviringo ambayo sikuwahi kumwona nayo, amechomeka unyoya wa mbuni pembeni.

"Mimi hapana mwizi," mjomba alijibu kwa Kiswahili chake. "Mimi naomba, wewe napatia mimi."

"Na mbuzi yangu iko wapi?"

"Mbuzi iko. Bado nakula majani."

"Kila mwezi inakula majani! Hiyo mbuzi iko na tumbo kama ya mubunge!"

Walishikana mikono wakatikisana kama watu waliochunga pamoja utotoni, ilhali yule bwana alikuwa hajakaa Kakuma miaka mingi. Mjomba akaona tochi juu ya meza. "Rafiki, hiyo tochi. Nipe."

"Sikupi."

"Nipe."

"Nipe kwanza hiyo fimbo."

"Fimbo ni mguu yangu. Wewe nataka kata mzee mguu?"

Tuliondoka mjomba akiwa na tochi, na Mkongo akiwa na ahadi ya mbuzi wa pili. Mimi nililipia spika bei aliyoitaja bila kuteta, nikaona uso wake umepoa kidogo, kana kwamba nimemnyima kitu. Mkononi nilikuwa na saa nzuri, ya Ghuba, inayong'aa. Mjomba alikuwa ameketi upande wa saa hiyo safari yote ya kurudi Lopur. Macho yake yaliipita kama yanavyopita ukuta. Nilidhani ni heshima. Nilidhani mzee ameelewa kwamba mimi ni mtu wa daraja lingine, na moyoni nikafurahi.

Hiyo ndiyo furaha niliyokuwa nayo Jumapili ile, pamoja na jibu langu la kukataa. Mjomba alifika na dada yangu mkubwa, ambaye anaishi ng'ambo ya mto. Nilimwonyesha mjomba kochi. Akalipapasa, akalisifu, akaketi chini juu ya ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukiegemeza kichwa wakilala. Nikaweka santuri ya rumba ya zamani, magitaa mawili yakijibizana, moja kwenye kila spika.

Mjomba aliinamisha kichwa. "Huyu wa dirishani amekasirika," alisema baada ya muda. Tulikuwa tukizungumza Kiturkana. "Na huyu wa mlangoni anambembeleza."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Miezi yote ile ya zege na nyaya ilikuwa kwa ajili ya jambo hilo hasa, kwamba mtu aketi katikati na kujua nani yuko wapi. Dada yangu alisema, "Waambie watoke nje tuwaone," na mjomba akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Santuri ilipokwisha upande wa kwanza, mjomba alisimama. Niliandaa jibu. Akazizunguka spika, akaweka kiganja juu ya mojawapo, akasema, "Ejok." Ni nzuri. Akaiacha. Akaitazama amplifaya na taa zake. Akaiacha. Kisha akafika mlangoni, akaliona sanduku la samawati, akaliinua, akafungua kifuniko.

"Hiyo inafanya kazi, mjomba," nilisema.

"Naona."

"Ukiwa na betri ya sola inaimba hata Lopur."

"Ejok," alisema, akakifunga kifuniko polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo yake.

Wakati huohuo jirani yangu akabisha hodi. Ni mwalimu, si wa kabila letu, alipangiwa kazi Lodwar na serikali. Alikuja tu kusalimia. Mjomba hakusubiri hata aketi.

"Mwalimu, hiyo mkanda. Nipe."

"Mzee, suruali itaanguka!"

"Kama naanguka, sisi najua mwalimu iko na nini."

Dada yangu alicheka mpaka akajishika ubavu. Mwalimu alibisha, akaapa, akaomba kigoda badala yake, akatukanwa, na mwishowe akaufungua mkanda akaondoka ameshika suruali kwa mkono mmoja, akicheka na yeye. Mjomba akajifunga mkanda juu ya shuka lake na kujitazama.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kunichoma. Nilisema, na nilijaribu kusema kama utani, "Mjomba, na mimi je? Hakuna kitu unachotaka hapa?"

Mjomba alimtazama dada yangu jinsi mtu anavyomtazama mkalimani akiulizwa na mgeni swali asilolielewa. Kisha akanijibu kwa adabu.

"Wewe umeshanipa. Simu ililia juzi. Asante."

Alilisema neno hilo kwa Kiswahili, maana kwa lugha yetu mjomba hamwambii mpwa neno kama hilo. Nililifahamu lilikotoka. Niliwahi kumsikia akiwaambia watu wa magari meupe ya misaada, baada ya kupokea unga, kofia mkononi, akitazama pembeni.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda bodaboda na mkanda wa mwalimu kiunoni. Niliporudi, dada yangu alikuwa kwenye ngazi akifunga leso kichwani.

"Uso wako umefanyaje, mwana wa mama?"

"Hakuniomba."

"Akuombe nini?"

"Chochote. Hata lile sanduku."

Alitafuna kijiti chake cha mswaki. "Nani anaomba shirika? Shirika lina siku yake. Likileta, tunapokea. Likichelewa, tunanung'unika. Hatulitanii."

"Mimi ni shirika?"

"Shirika lina nembo kwenye gari. Wewe huna hata nembo."

Alisema bila ubaya. Je, aliniomba kitu? Hapana. Hata yeye hakuniomba. Alichukua kikapu chake akaenda zake, na mimi nikabaki na mashine nzuri kuliko zote Lodwar, na masikio yanayowaka moto.

Nimeaibika mara kadhaa katika maisha. Nimefukuzwa darasani kwa kukosa viatu. Ghuba nimeitwa majina ambayo sitayaandika. Aibu hizo nilizigeuza kuwa hadithi, nazisimulia hotelini, na katika kila moja mwishowe mimi ndiye mshindi. Hii sikuweza kumsimulia mtu. Kila nilipoikumbuka, sikukumbuka uso wa mjomba. Nilikumbuka lile jibu langu, jinsi nilivyolipanga kanisani neno kwa neno, nikijilinda na mzee ambaye hakuwa na nia ya kugusa hata kifuniko changu. Nilijenga ukuta mahali ambapo hakuna aliyekuwa akija. Tena ule wema niliouringia mbele ya wenzangu, simu zile zinazolia mwisho wa mwezi, ndio uliokuwa matofali yake.

Niliendelea na kazi ya mashine kwa sababu sikujua kazi nyingine. Kilichobaki kilikuwa chumba chenyewe. Kuta za mawe zinarudisha sauti. Ukipiga kofi sebuleni, kofi linakujibu, na magitaa mazuri yanapakana matope. Dawa yake ni kitu kizito na laini ukutani. Watu wa mjini hutundika mazulia. Nilikuwa nikielekea dukani kununua zulia nilipokumbuka ngozi ya ng'ombe ambayo mjomba analalia, pana, nene, iliyolainika kwa miaka ya mgongo wake. Nikasimama katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi.

Nilikwenda Lopur asubuhi. Mjomba alikuwa akiziba pengo kwenye boma la miiba, mke wake akikama mbuzi. Tulisalimiana. Nilikunywa maziwa. Nilizungumza kuhusu mvua, nikazungumza kuhusu barabara, na mzee akaendelea kuvuta miiba. Mimi ambaye nimesimama mbele ya mameneja wa Kiarabu nikadai mshahara wangu wote kwa sauti, nilishindwa kutoa neno moja. Mwishowe nikasema, "Mjomba, ile ngozi yako," na mkono wangu wenyewe ukaingia mfukoni ukatoka na pesa.

Mke wake aliacha kukama. "Anataka kununua kitanda cha mzee!"

Mjomba aliitazama pesa, kisha akatazama miiba yake. "Ngozi ziko sokoni Kakuma," alisema kwa upole uleule wa Jumapili.

Nilirudisha pesa mfukoni. Shingo ilikuwa imelowa jasho, na jua lilikuwa bado changa. "Siitaki ya sokoni," nilisema. "Nipe yako."

Sauti ilinikatika katikati kama ya mvulana. Mjomba akageuka.

"Nani anaomba?"

"Mtoto wa dada yako."

"Sikupi."

"Nipe."

"Nilalie nini? Diploma yako?"

Mama yule akapiga kelele ya kicheko, mbuzi akaruka, maziwa yakamwagika kidogo. Nilitafuta jibu. Lile la kanisani halikufaa. "Lalia mchanga," nilisema. "Au siku hizi wewe ni mtu wa Nairobi?"

Mzee alisimama wima. Kwa muda nilidhani nimevuka mpaka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti, na macho yake yakashuka kutoka usoni mwangu, yakapita kifuani, yakapita saa, yakafika chini.

"Nipe hivyo viatu," alisema.

Vilikuwa viatu vya ngozi ya kahawia, vya Ghuba, ninavyovaa harusini na benki. Na naandika ukweli: kitu cha kwanza kilichonijia ni jibu la kukataa. "Miguu yako ni mikubwa, mjomba. Vitakubana."

"Nitakata mbele."

Nikavivua. Alichukua kisu, akakaa juu ya ekicholong yake, akakata ncha za viatu vyangu mbele ya macho yangu, kimoja kisha kingine, bila haraka. Akavivaa. Vidole vyake vikatokeza, vyenye vumbi, akavichezesha.

"Na ngozi?" niliuliza.

"Ngozi nimekataa. Njoo siku nyingine uombe tena."

Kutoka kwa mjomba mpaka barabara kuu kuna mchanga na miiba, na mchanga ule ukipata jua hausamehe. Nyayo zangu za Ghuba, za soksi na sakafu za marumaru, zilikuwa zimesahau kila kitu. Nilitembea kwa kurukaruka. Wanawake waliokuwa wakirudi na mitungi ya maji walisimama kunitazama, na mmoja akauliza wenzake kwa sauti kama yule si mtoto wa fulani mwenye nyumba ya mawe. Niliwasalimia. Sikuweza kuinua uso.

Kakuma, mahali pa kupandia gari, yule Mkongo wa kwaya aliniona.

"Papa! Viatu iko wapi?"

"Mjomba."

Alishika magoti akacheka, akaita mtu mwingine aje aone. Kisha akafuta machozi, akanitazama mkononi.

"Basi mimi niombe saa."

"Sikupi," nilisema, na nikaifunika kwa kiganja haraka mno, jambo lililowachekesha zaidi.

Mwisho wa mwezi simu zao bado zinalia. Sijui namna ya kuacha. Kuna watoto wanaosoma kwa pesa hiyo. Nimerudi Lopur kuomba ngozi, nikanyimwa tena, na safari hiyo nilirudi bila mkanda. Sebule bado inarudisha sauti, magitaa bado yanapakana matope, na zulia sijanunua. Sanduku la samawati bado liko karibu na mlango. Mjomba akija huliruka kwa mguu, akiwa na viatu vyangu. Hajaliomba.